Neno Sayari Ndogo

Mwaka 1802 William Herschel aliziita Ceres na Pallas kwa neno la Kiyunani lenye maana ya "mfano wa nyota", kwani katika darubini hazikupambanuka na nyota. Neno letu sayari, ambalo asili yake ya Kiarabu ni kwenda, lafaa zaidi: mwendo ndio huzifichua. Mtazamaji wa Masumbwe mwenye darubini ya mikono na achore nyota za pale almanaka inapoiweka Vesta, kisha arudie usiku wa tatu. Nukta iliyohama ndiyo. Mwangaza wake aulinganishe na nyota mbili jirani, moja iliyouzidi na moja hafifu kuliko huo, akiandika saa. Pemba na Mombasa, alizozigundua Cyril Jackson huko Johannesburg mwaka 1937, zahitaji darubini kubwa.