Je, Wajua? Shilingi 1,000 ya mtoto wa Bukundi

Kila mtoto wa chini ya miaka 5, wa Bukundi wilayani Meatu akiwemo, anatakiwa kutengewa na halmashauri yake angalau shilingi 1,000 za lishe kwa mwaka. Utekelezaji ulianza kupimwa kwa mkataba wa lishe uliosainiwa na wakuu wa mikoa Desemba 2017, na halmashauri hupewa rangi kulingana na utekelezaji wake: kijani, njano au nyekundu. Kutenga si kazi. Kazi ni kuzitoa fedha hizo! Kijijini, kipimo cha hali ya lishe ni utepe unaozungushwa mkononi mwa mtoto: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe kituoni mara moja. Kitaifa, udumavu ulishuka kutoka asilimia 42 mwaka 2010 hadi 30 mwaka 2022.