Je, Wajua? Magari ya Spoti ya Kimarekani na Barabara Zetu

Niliyajua magari ya spoti ya Kimarekani kwenye majarida chakavu, nikiwa mtoto Singida mjini, huku malori yakiunguruma kuelekea mlima Sekenke. Baadaye, nilipokuwa mwandishi wa habari za magari, niligundua kuwa historia yao na yetu zimekutana njiani mara nyingi.

1. Je, wajua kwamba Chevrolet Corvette na Safari Rally ni rika moja? Mbio hizo zilianza Mei 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Corvette ya kwanza ilitoka kiwandani Flint, Michigan, Juni 30 mwaka huohuo.

2. Je, wajua kwamba Corvette za 1953 zilikuwa 300 tu, zote nyeupe, na zilikuwa na gia mbili tu za kwenda mbele? Dereva wa lori anayeteremka Sekenke kwa gia nzito, akiogopa breki zisichemke, anajua gia zina thamani gani.

3. Je, wajua kwamba Ford Mustang ilizinduliwa Aprili 17, 1964, siku 9 kabla ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar? Siku ya kwanza pekee, Wamarekani waliagiza zaidi ya 22,000.

4. Je, wajua kwamba Pasaka ya mwaka huo Ford ilileta Afrika Mashariki timu ya Mercury Comet zenye injini za V8? Mbili tu ndizo zilizomaliza Safari, zikashika nafasi ya 18 na ya 21. Mshindi alikuwa Peter Hughes, kwa Ford Cortina GT, gari dogo la Uingereza.

5. Je, wajua kwamba Joginder Singh wa Kenya aliendesha mojawapo ya Comet hizo? Mwaka 1965 alirudi na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, akashinda.

6. Je, wajua kwamba Carroll Shelby, aliyeunda gari la spoti la Cobra mwaka 1962, aliwahi kufuga kuku Texas? Ugonjwa uliwamaliza, akafilisika. Mfugaji wa Singida aliyewahi kupitiwa na kideri anaujua uchungu huo.

7. Je, wajua kwamba Mustang yenye usukani wa kulia, kama tunavyoendesha sisi, ilianza kutoka kiwandani mwaka 2015 tu? Corvette ilisubiri hadi kizazi chake cha nane.

Injini kubwa hushangiliwa, lakini kwenye barabara zetu heshima ni ya aliyefika. Singida bado ina wazee waliokuwa madereva na utingo enzi za vumbi. Kama unaye mmoja nyumbani, mwulize leo aliendesha gari gani, mwaka gani, njia ipi. Kisha andika.