Matusi madogo katika filamu za familia (2): Kamtukana nani?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video mitaani, na wasimulizi wanaozitia Kiswahili filamu za kigeni, kazi ambayo Lufufu aliipa jina kubwa Dar es Salaam. Leo tuingie sebuleni.

Jumamosi moja nilikuwa kwa dada yangu, Chamazi. Watoto sita walikuwa mkekani mbele ya televisheni, na mama mkwe wa dada, bibi wa Kizaramo, alikaa pembeni akichagua mchele kwenye ungo. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, ya familia iliyopotea njia na mbwa wao, imetafsiriwa. Baba akajigonga kichwa kwenye buti la gari. Chini ya sauti ya msimulizi nilisikia neno moja fupi la Kiingereza, damn. Msimulizi akatoa lake: "Mshenzi mkubwa wewe!" Watoto wakacheka. Mdogo wao akanigeukia: "Mjomba, kamtukana nani?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu pale kwenye gari hapakuwa na mtu mwingine.

Baadaye ikawekwa filamu ya Bongo. Msichana anaitwa na mama yake akaoshe vyombo. Hajibu. Anageuza mgongo, anasonya. Bibi akauweka ungo chini. "Zimeni hiyo. Watoto hawaangalii mambo hayo." Hakuna neno baya lililokuwa limetamkwa.

Mtoto na bibi yake waligusa jambo moja: tusi linamwendea nani. Matusi madogo ya Kiingereza mengi yametoka kwenye dini: laana, jehanamu, jina la Mungu kutajwa ovyo. Makali yake yalikuwa ya kufuru. Mwaka 1939, filamu ya Gone with the Wind ilipotaka kulitumia hilo neno damn, kanuni za maadili za Hollywood zilibidi zirekebishwe. Tangu hapo neno limechujuka, likabaki mguno wa mtu aliyeumia. Halimwendei yeyote.

Kwetu laana haijachujuka. Ni jambo la mzazi na radhi zake, na watu wazima wanaliogopa. Aliyejikwaa Mbagala husema "Mama yangu!" au "Ala!", au humwita Mtume au Yesu, na hapo anaomba msaada, hatukani. Tusi la Kiswahili ni la mtu kwa mtu. Lina anayetukana na anayetukanwa, na mara nyingi wa tatu ambaye hata hayupo, yaani mama mzazi. Ndiyo maana "mama yako!" iliyokatwa hapohapo, bila neno jingine, inatosha kuwakunjisha watu mashati kituo cha daladala. Na ndiyo maana msonyo, ambao hauna hata herufi, ukielekezwa kwa mzazi ni tusi kamili. Mnyamwezi anaweza kumwita Mzaramo maneno mazito msibani, na wafiwa wakacheka, kwa sababu ni watani. Hata Kanuni ya Adhabu yetu, katika kifungu cha 89, haikuorodhesha maneno. Inauliza kama lugha ya matusi imetumika kwa namna inayoweza kuvunja amani.

Wenzetu wanapima kwa namna nyingine. Marekani ilianza kuzipanga filamu kwa madaraja mwaka 1968, na mwaka 1984 ikaongeza daraja la onyo kwa walio chini ya miaka 13. Pale, neno zito likitajwa mara moja filamu inaweza kubaki daraja hilo. Likirudiwa, kwa kawaida inapanda. Ni kipimo cha kuhesabu, na kwa Kiingereza kina mantiki yake. Sisi tuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu, lakini filamu ikishatiwa sauti ya msimulizi siyo tena ile iliyopimwa ilikotoka. Daraja lililochapwa kwenye kasha linazungumzia maneno ambayo mtoto wa Chamazi hatayasikia, na halisemi lolote juu ya yale atakayoyasikia.

Wazazi niliozungumza nao Chamazi, Tandika na Bunju hawakutofautiana sana. "Mjinga", "bwege" na "zuzu" wanavumilia, hasa wakitaniana walio rika moja. "Mbwa" na "nguruwe" wengi wanakataa. Matusi ya nguoni hayana mjadala, televisheni inazimwa. Lakini karibu wote walirudi kwenye jambo ambalo sikuwa nimeuliza: mtoto wa kwenye filamu anayemjibu mkubwa. Mama mmoja wa Tandika aliniambia neno la mtaani mwanawe atalisikia tu sokoni, ila jeuri kwa mama yake hataki aione ikichekewa. Mimi nakubaliana naye. "Mshenzi" la watu wawili wanaopigana kwenye filamu ni dogo kuliko msonyo ule wa jikoni.

Kwa hiyo ninyi wasimulizi, ambao sauti zenu zinaingia nyumba nyingi kuliko magazeti haya, nawaomba jambo moja dogo. Baba wa watu akijigonga kwenye buti la gari, na hakuna mtu karibu, mwacheni aseme "Mama yangu!"