Je, Wajua? Sauti Moja Masikioni, na Moyo Unatulia

Tafakuri ya kuongozwa ni rahisi kueleza: unaketi, unasikiliza sauti ya mtu anayekuelekeza jinsi ya kuvuta pumzi na mahali pa kuelekeza mawazo, na dakika kumi zinapita. Kwenye intaneti rekodi za aina hii ni nyingi mno, na mtu aliyekaa ufukweni Gisenyi na simu mkononi anaweza asijue aanzie wapi. Nimekusanya maajabu kadhaa ya kumsaidia kuchagua, na baadhi yametokea kwa majirani zetu.

Mwalimu alikuwa sauti tu

Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini waliingia kwenye jaribio la kisayansi. Karibu nusu yao walifundishwa kutuliza mawazo na sauti iliyorekodiwa, bila daktari wa akili hata mmoja mbele yao. Kila kikundi kilikuwa na watu wa kujaza koasta moja, 20 hadi 30 hivi. Walikutana mara tano. Mwezeshaji hakuwa mtaalamu. Alipewa mafunzo mafupi, akawasha rekodi na kuongoza mazungumzo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Lancet Global Health: miezi mitatu baada ya kozi, waliosikiliza walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao waliopewa msaada wa kawaida. Nafuu ilikuwa kubwa zaidi kozi ilipomalizika tu, kisha ikapungua kiasi, na hilo linatuambia kwamba zoezi linataka kurudiwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linatoa kitabu cha picha cha kozi hiyo na rekodi zake bure. Moja ya mafunzo yake ya mwanzo unaweza kulifanya sasa hivi: mawazo yakikuelemea, kandamiza nyayo zako chini, nyoosha mgongo, kisha tazama na usikilize kilicho mbele yako. Kwangu mimi, hii ndiyo habari njema kuliko zote katika ukurasa huu, kwa sababu inawafikia watu ambao hawana mshauri wa kumwendea.

Rozari ina hesabu yake

Rozari ikisaliwa kwa Kilatini hupunguza pumzi hadi karibu sita kwa dakika, na mantra za yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa, hufanya hivyohivyo! Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20. Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, aliwapima watu 23 na kuchapisha matokeo mwaka 2001 katika British Medical Journal: katika mwendo huo wa polepole, mapigo ya moyo na msukumo wa damu vilianza kwenda pamoja na pumzi.

Anayesali rozari katika kanisa kuu la Nyundo, juu kidogo ya mji wetu, anasali kwanza; utulivu wa mwili unakuja kama nyongeza. Katika kuchagua rekodi, shika hesabu hii: sekunde tano za kuvuta na sekunde tano za kutoa zinakupa pumzi sita kamili kwa dakika. Sauti ikikukimbiza, tafuta nyingine.

Karibu nusu ya siku hatupo

Asilimia 47 ya muda tukiwa macho, akili zetu ziko kwingine. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard waliligundua hilo mwaka 2010 kwa kuwauliza watu 2,250 kupitia simu zao, saa yoyote ile, wanafanya nini na wanawaza nini. Kwa hiyo mawazo yakikutoroka dakika ya pili ya rekodi, hujashindwa. Kuyarudisha ndilo zoezi lenyewe.

Safari ya dakika 45 inaanzia kidole cha mguu

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu kule Massachusetts, Marekani, kulala chali na kuupitia mwili wote kwa fikra, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini, kwa dakika 45. Kozi ilichukua majuma kadhaa, na wagonjwa walikwenda na kaseti nyumbani. Rekodi nyingi za leo za kuupitia mwili zinafuata njia hiyo.

Mkazi wa Gisenyi ana mahali pazuri pa kujizoeza kuisikia miguu yake: chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, si mbali na kiwanda cha bia cha Bralirwa. Watu huenda kuloweka miguu na kukandwa. Jaribu maji kwa mkono kwanza, kwani sehemu nyingine yanaunguza.

Kaseti iliyosaidia ngozi

Mwaka 1998, Kabat-Zinn huyohuyo na wenzake waliripoti juu ya wagonjwa 37 wa sorayasisi, ugonjwa unaofanya ngozi iwe na mabaka na magamba. Wote walitibiwa kwa mwanga maalumu, lakini baadhi walisikiliza kaseti ya tafakuri wakiwa ndani ya kibanda cha mwanga. Ngozi za hao zilisafika haraka, karibu mara nne ya kasi ya wenzao. Lakini tafadhali, tiba iliendelea! Rekodi inayokwambia uache dawa, ifute siku hiyohiyo.

Macho yanaweza kubaki wazi

Si kila mtu hupata nafuu. Mapitio ya tafiti 83 yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta kwamba watu wapatao 8 kati ya 100 walipata madhara wakitafakari, hasa wasiwasi na huzuni. Kwa Rwanda jambo hili ni zito. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 uliwakuta manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wakiwa na msongo wa baada ya kiwewe kwa kiwango cha karibu 28 kati ya 100, ilhali kwa wananchi wote kiwango hakifiki 4.

Kwa aliyepitia mambo kama hayo, kufumba macho kimyakimya kunaweza kufungua mlango wa kumbukumbu ambazo hakuwa tayari kuzipokea, na hasa katika siku za maombolezo zinazoanza tarehe 7 Aprili. Basi chagua sauti inayokupa ruhusa: ruhusa ya kuacha macho wazi, ya kujisogeza, ya kusimama katikati. Keti ukiegemea ukuta na uuone mlango. Ukihisi moyo unakwenda mbio, zima rekodi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, kisha mtafute mtu wa kukaa naye. Hali hiyo ikijirudia, nenda kituo cha afya ukaonane na mshauri kabla ya kuendelea. Kuzima si udhaifu hata kidogo.

Wakongo 21, siku 30

Mwaka 2013, Journal of Traumatic Stress lilichapisha utafiti wa wakimbizi wa Kongo waliokuwa Uganda. Watu 21 walifundishwa kutafakari kwa kurudia neno moja kimoyomoyo. Wengine 21 walingoja. Baada ya siku 30, dalili za kiwewe za kundi la kwanza zilikuwa zimeshuka sana, na zilibaki chini hata siku ya 135. Kundi ni dogo, nakubali. Ila kwetu sisi tunaotenganishwa na Goma kwa kizuizi cha barabarani tu, habari hiyo inahusu ndugu na jamaa.

Mioyo huimba kwa pamoja

Wanakwaya wakiimba pamoja, mapigo ya mioyo yao huongezeka na kupungua kwa pamoja. Watafiti wa Gothenburg, Sweden, walilipima hilo mwaka 2013, na chanzo wanachokitaja ni pumzi: wimbo mmoja huwapangia wote lini wavute na lini watoe. Sasa fikiria wavuvi wa samaki aina ya sambaza katika Ziwa Kivu, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia jioni kwa kuitikiana. Kama kukaa kimya kunakuchosha, rekodi yenye wimbo wa kuitikia inaweza kukufaa zaidi.

Siku yake ipo kwenye kalenda

Tarehe 21 Desemba ni Siku ya Kutafakari Duniani, iliyopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2024. Huna haja ya kuingoja. Chagua rekodi ya dakika kumi katika lugha unayoitumia ukiwa na huzuni, iwe Kinyarwanda, Kiswahili au Kifaransa. Isikilize dakika moja kabla ya kuipakua; sauti ikikukera mwanzoni, itakukera hadi mwisho. Kisha weka simu katika hali ya ndege ili isilie katikati, na uirudie rekodi hiyohiyo juma zima kabla ya kujaribu nyingine.