Makaburi ya Tokolote

Kuna miji nchini Italia ambako mtu akiulizwa anwani yake hutaja Kindu. Mitaa imepewa jina la waliofia huku kwetu, na wakazi wake huliandika kwenye bahasha na stakabadhi, pengine bila kujua mji wenyewe uko wapi. Kwetu hapa Maniema, Kongo, Kindu ni stesheni ya reli iendayo Kongolo, ni bandari ya mto Lualaba, ni mitumbwi inayovusha watu na mihogo yao kati ya Kasuku na Alunguli. Kwao ni jina la msiba.

Msiba huo ulianza Jumamosi, tarehe 11 Novemba 1961. Ndege mbili za mizigo aina ya C-119, ambazo Waitalia kwa umbo lake waliziita behewa linaloruka, zilitua Kindu zikiwa na mahitaji ya kikosi cha Malaya, Malesia ya leo, kilichokuwa hapa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Ndani yake walikuwamo watu 13, wote wa Brigedi ya 46 ya Jeshi la Anga la Italia yenye kambi yake Pisa. Meja Amedeo Parmeggiani aliongoza ndege moja, Kapteni Giorgio Gonelli nyingine, na pamoja nao alikuwapo daktari, Luteni Francesco Paolo Remotti. Hawakuwa na silaha. Walipomaliza shughuli ya uwanjani walikwenda kula chakula cha mchana kwenye mesi ya maofisa wa Malaya, si mbali na uwanja.

Hawakumaliza kula. Mwaka ule Kongo ilikuwa imepasuka vipande. Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, alikuwa ameuawa Katanga tarehe 17 Januari, Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo, ameshikilia jimbo lake kwa msaada wa mamluki wa kizungu, na wanajeshi waliojaa Kindu walikuwa wametoka Stanleyville, Kisangani ya sasa, wakijiandaa kwenda kupigana huko kusini. Machoni mwao mzungu mwenye sare aliyeshuka kutoka angani alikuwa mtu wa Tshombe, basi. Walivamia mesi. Remotti aliuawa akijaribu kutoroka. Wenzake 12 walipelekwa gerezani, nao wakauawa.

Naeleza hasira ya askari wale, siwatetei. Waliokamatwa walikuwa wageni, na walikuwa mezani. Hapa Maniema mgeni anayekula hata deni hadaiwi mpaka anawe mikono.

Habari zilipofika Ulaya zilifika zimeota pembe. Ilisemwa kwamba miili imekatwakatwa na kutupwa Lualaba, ikasemwa pia kwamba imeliwa, na magazeti yakalichapa jina la Kindu kana kwamba ni pango la mazimwi. Wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Ukweli ulikuwa chini ya udongo, katika makaburi ya Tokolote, kijiji kilicho ukingoni mwa msitu.

Miili ilikuwa imezikwa. Kazi hiyo husimuliwa kuwa ya mlinzi wa gereza, aliyeiondoa usiku akisaidiwa na wengine, ikapakiwa kwenye lori na kupelekwa Tokolote ili isizidi kudhalilishwa. Anayejua kazi ya kuchimba kaburi aipime mwenyewe kazi hiyo. Novemba kwetu ni mvua. Udongo unanata kwenye jembe, ukitoa beleshi moja nusu inarudi shimoni. Kaburi la mtu mmoja, mchana, vijana wa mtaa wakipokezana na kina mama wakileta maji, humaliza asubuhi nzima. Hawa walikuwa maiti 13, gizani, pasipo kilio, katika mji ambao waliowaua bado walikuwa wakirandaranda na bunduki. Kama lori lile lingesimamishwa njiani, hapana shaka idadi ya maiti ingeongezeka.

Mimi hapo ndipo ninaposimama kila nikikisoma kisa hiki. Waliowaua walikuwa na uchungu wa Lumumba, mtu ambaye katika ujana wake alifanya kazi Kalima, humu humu Maniema, na ambaye mwili wake uliyeyushwa kwa asidi ili asiwe na kaburi. Na kumbe katika mji huo huo, usiku, kulikuwa na mtu aliyeona kwamba hata anayedhaniwa kuwa adui hastahili kukosa kaburi.

Kule Italia wake na wazazi walikaa wakisubiri. Msiba usio na maiti tunaujua. Mkeka haukunjwi, mjane hajui avue nguo nyeusi au aendelee kuzivaa, na kila mlango ukigongwa moyo unaruka. Kwao hali hiyo ilidumu hadi Februari 1962, makaburi ya Tokolote yalipogunduliwa na kufukuliwa. Tarehe 11 Machi, miezi minne kamili tangu siku ile ya mesi, majeneza yalitua Pisa, kwenye uwanja wa brigedi yao wenyewe. Wananchi walichanga fedha, likajengwa hekalu la kumbukumbu kando ya uwanja, na humo ndimo walimolazwa. Uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma, nao una mnara wao. Medali ya dhahabu ya ushujaa ilikawia zaidi, ikatoka mwaka 1994. Kila tarehe 11 Novemba Pisa huwakumbuka.

Ninapowaza heshima hiyo huwakumbuka pia askari wetu wa Force Publique, jeshi la Kongo enzi ya ukoloni wa Kibelgiji. Mwaka 1941 walivuka Sudan wakaingia Ethiopia kupigana na Waitalia hao hao, na tarehe 3 Julai, pale Saio, Jenerali Gazzera akasalimu amri mbele yao. Miaka 20 tu kabla ya Kindu! Wakongo waliokufa kwenye safari ile, kwa risasi au kwa maradhi, walifukiwa walipoangukia. Sijasikia ndege iliyotumwa kuwachukua. Lumumba mwenyewe alingoja miaka 61. Tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, familia yake ilikabidhiwa jino moja, ambalo askari polisi wa Kibelgiji alikuwa amelichukua kama nyara. Likawekwa kwenye jeneza la ukubwa wa mtu, likazungushwa nchini, likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni. Watu walilia mbele ya jeneza lile kama wanavyolia mbele ya mwili mzima, na hakuna aliyewacheka.

Jino lilipatikana kwa sababu polisi yule alilificha. Waitalia walipatikana kwa sababu kuna aliyewazika. Huyo wa pili hakupewa medali, wala sijaona mtaa wenye jina lake. Ila kazi yake ilihesabika siku ya kufukua: walioshuka Kindu walikuwa 13, na waliotolewa Tokolote walikuwa 13.