Tausi Melek: Malaika aliyeitwa Shetani

DUBAI: Ukipita njia ya kuelekea Kasri la Zabeel hapa Dubai huwaona tausi wakirandaranda majanini, na sisi tuliotoka Dar es Salaam huwakumbuka mara moja wale wa Ikulu. Kwetu tausi ni pambo. Kaskazini mwa Iraq, ndege huyo ni alama ya ibada.

Huko ndiko waliko Wayazidi, ambao wengi wao huzungumza Kikurdi. Wanaamini Mungu mmoja, aliyeukabidhi ulimwengu kwa malaika saba, na mkuu wao ni Tausi Melek. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: maana yake ni Malaika Tausi. Waimbaji wa dini waitwao makawali huzunguka vijijini na sanamu za ndege huyo za madini, wakiimba kwa dufu na filimbi.

Basi kosa limetoka wapi? Inasimuliwa kuwa malaika huyo aliamriwa kumsujudia Adamu, akakataa. Aliyesoma Kurani akisikia hivyo, mawazo yake huenda kwa Iblisi. Lakini katika masimulizi ya Wayazidi kukataa huko kulikuwa ni utii, kwani Mungu alikwishamwagiza asimsujudie yeyote ila Yeye. Ulikuwa mtihani, naye akafaulu. Tena kwa Wayazidi ni mwiko hata kulitamka jina la Shetani.

Hata hivyo, kwa karne nyingi wameitwa "waabudu shetani", na neno hilo limemwaga damu. Agosti 3, 2014, kundi la Daesh liliivamia Sinjar kwa hoja hiyo hiyo. Maelfu waliuawa, na maelfu ya wanawake na watoto wakatekwa. Mwaka 2016 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema hayo ni mauaji ya kimbari. Nadia Murad, mmoja wa waliotekwa, alipata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018.

Sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Babu zetu walipokwenda mizimuni kuwakumbuka waliotangulia, wageni nao waliandika kuwa wanaabudu mashetani, bila ya kuwauliza.

Wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa giza. Katika mji huu wa mataifa mengi, kabla ya kumhukumu jirani kwa anachokitukuza, tumuulize mwenyewe.