Ameokoka, Sasa Anatetemeka: Maombi na Matibabu kwa Anayeacha Pombe

Leo nazungumza na akina mama, nyanya, shangazi na wote wanaolea, kuhusu mtu wetu anayetaka kuachana na pombe kwa njia ya wokovu.

Jumapili moja jioni, mama mmoja alinibishia hodi huku akilia. Mwanawe alikuwa amekunywa changaa kila siku kwa miaka mingi. Ijumaa aliokoka kwenye mkutano wa injili, akamwaga chupa yake, akaanza kufunga siku hiyo hiyo. Jumamosi mikono ilianza kutetemeka, jasho likamtoka, usingizi ukakataa. Jumapili akaanza kuona panya ukutani, panya ambao hakuna mwingine aliyewaona. Kisha akashikwa na degedege. Majirani walisema ni pepo anayekataa kutoka. Wakaendelea kuomba, na maji wakamnyima kwa sababu ya mfungo.

Mama yule aliniuliza, "Sista, nikimpeleka hospitali, si nitakuwa nimekosa imani?"

Nitarudi kwa swali hilo. Kwanza tuelewe kilichokuwa kikitendeka mwilini.

Kwa nini mwili unatetemeka?

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Mtu akinywa sana kila siku, ubongo hujitahidi kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili usilale. Ni kama mtu anayesukuma mlango uliozuiwa upande wa pili. Mlango ukiachiliwa ghafla, anaanguka kifudifudi. Pombe ikiondolewa ghafla, ubongo unabaki na ile nguvu yote bila cha kuuzuia.

Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza saa chache tu baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huja mara nyingi katika siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa, hupata homa, na huona au kusikia vitu ambavyo havipo. Hali hii inaweza kuua. Sio kila mlevi hufikia hapo, lakini aliyekunywa sana kila siku, au aliyewahi kupata degedege alipojaribu kuacha, yuko katika hatari kubwa.

Hospitalini atapewa dawa ya kutuliza ubongo, ambayo hupunguzwa polepole, pamoja na maji na vitamini B1. Walevi wengi hukosa vitamini hii, na upungufu wake huharibu kumbukumbu na mwendo.

Akishikwa na degedege nyumbani

Mlaze ubavu. Ondoa jiko, viti na vitu vyenye ncha. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na usimkandamize. Usimpe kinywaji mpaka azinduke vizuri. Kisha mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi.

Je, imani ina kazi gani?

Kazi kubwa, mama mwenzangu. Dawa humvusha siku zile za kwanza. Baada ya hapo kuna miezi na miaka ya kuishi bila chupa, na hapo ndipo mtu anahitaji sababu ya kuamka na watu wa kutembea naye.

Mwaka wa 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, waligundua kwamba mlevi akizungumza ukweli na mlevi mwenzake, wote wawili hupata nguvu. Walikuwa wamepitia ushirika wa Kikristo ulioitwa Oxford Group, uliofundisha kuungama, kurekebisha makosa na kujitoa kwa Mungu. Hapo ndipo palipotoka Alcoholics Anonymous na zile hatua 12. Mwaka wa 1991, kanisa la Saddleback huko California lilianzisha Celebrate Recovery, yenye kanuni 8 zilizojengwa juu ya Heri za Yesu katika Mathayo sura ya 5. Humo hawashughulikii pombe peke yake. Mwenye hasira, mwenye kamari na mwenye uchungu wa zamani wote wanakaribishwa.

Utaona kwamba mambo haya hayaishii madhabahuni siku moja. Mtu anakubali kwamba ameshindwa, anaungama kwa mwenzake kama Waraka wa Yakobo sura ya 5 unavyohimiza, anawaomba msamaha aliowakosea, na anarudi kwenye kikundi wiki baada ya wiki.

Kabla ya kumpeleka mtu wako

Uliza mambo matatu. Je, wanaruhusu dawa na daktari? Je, kuna kikundi kinachokutana kila wiki, au ni maombi ya siku moja? Je, mtu yuko huru kuondoka? Mahali ambapo watu wanafungwa minyororo, wanachapwa au wananyimwa chakula, usimwache hapo. Na mtu asiachishwe dawa za kifafa, kifua kikuu au virusi vya UKIMWI eti kwa sababu ameombewa.

Na wewe mama?

Zungumza naye akiwa hajalewa. Usimlipie madeni ya pombe, lakini usimnyime chakula. Akikupiga au akitishia watoto, ondokeni kwanza. Kusamehe hakumaanishi kukaa mahali pa hatari. Tafuta nawe mtu wa kukusikiliza, kwa maana umebeba mengi.

Akianguka tena, usiseme wokovu wake ulikuwa wa uongo. Wengi huanguka kabla ya kusimama imara. Muulize ni nini kilichotangulia: ni marafiki, ni mshahara, au ni huzuni? Kisha arudi kwenye kikundi siku hiyo hiyo.

Sasa, lile swali la mama yule. Nilimwambia hivi: "Mama, twende naye hospitali, na mchungaji aje kutuombea huko." Mchungaji alikuja. Kijana alilazwa siku sita. Leo ndiye anayefungua mlango wa kanisa kila Alhamisi, kikundi kinapokutana.

Ya kukumbuka

- Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla wala kufunga kabla ya kuonwa na mhudumu wa afya.
- Kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na degedege ni dalili za hatari. Mkimbize hospitali.
- Omba, na umpe dawa.
- Kwa ushauri, piga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192.

Maswali ya kikundi

1. Katika kanisa letu, mtu akiacha pombe, ni nani anayemtembelea wiki ya pili?
2. Kituo cha afya kilicho karibu nasi ni kipi, na usiku tutafikaje?